Bega la Mbuzi wa Watu

Si jambo la kujivunia, lakini kwa kuwa nusu ya mtaa wetu wa Buruburu ilinishuhudia, afadhali mlisikie kwangu mwenyewe: niliwahi kumuoa binti wa watu kwa bahati mbaya, mchana kweupe, shahidi wangu akiwa kaka wa mke wangu.

Kaka huyo ni Deo, mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye nilipomtembelea alinizungusha jiji zima kwa miguu akinilisha urojo, mishkaki na chipsi mayai (nilirudi Nairobi suruali haifungi), kisha akaniaga kwa maneno yaliyonichoma: "Shemeji, nyie Wakenya mnashiba tu, hamli." Basi alipokuja kwetu niliapa hataondoka kabla hajaifuta kauli hiyo, nikamtoa nyumbani bila kifungua kinywa, tukaanza na supu ya kichwa soko la Gikomba, tukaifuata barabara ya Jogoo tukila samosa, mahindi ya kuchoma na mutura, ile soseji yetu ya utumbo na damu, na kila nilipomtazama usoni alijibu, "Si mbaya."

Tulipokaribia nyumbani, moshi wa nyama ukatupata kwenye uchochoro, ukitoka nyuma ya hema kubwa.

"Hapo ni kwa nani?" Deo akauliza.

Ningesema sijui, mkasa ungeishia hapo. Lakini mimi, niliyezaliwa mtaa huu, niseme sijui? "Kwa jamaa yangu," nikajibu, nikapenya nyuma ya hema kama mwenye mali.

Palikuwa na jiko la makaa, wanaume wenye aproni, na juu ya ubao bega zima la mbuzi, limeiva linang'aa. "Huku mwenyeji huonja kabla ya kuagiza," nikamfafanulia mgeni (na kwenye vibanda vyetu vya nyama ndivyo ilivyo), nikachukua kisu, nikalikata pale kwenye kiungo, kipande kwake, kipande kwangu.

Mpishi akaachama. "Buda, umefanya nini?"

Pazia likafunguliwa. Nyuma yake zilikuwa zimeketi familia mbili, wazee mbele, na kijana aliyekunja mikono ya shati akija kulichukua bega lile lile. Kwa Wakikuyu, bwana harusi ndiye hulikata, mbele ya wazee, na likishakatwa ndoa imetimia. (Mimi ni Mkamba, miaka yote nimehudhuria sherehe zao bila kuuliza kinachofanyika kabla ya sahani kunifikia.)

"Ni nani huyu ametuolea msichana?" akauliza shangazi wa bibi harusi, mama mnene mwenye sauti ya kanisani.

"Mzee," kijana akanilalamikia, "hata mimi nilikuwa nimejipanga!"

Nikafungua kinywa, nyama ikanizuia. Deo ndiye aliyesema, akitafuna: "Jamani, huyu ana mke. Ni dada yangu."

Hema zima likalipuka kwa kicheko. Shangazi akapangusa machozi. "Leteni lile bega lingine. Mungu alimpa mbuzi mabega mawili kwa sababu ya watu kama huyu. Na nyinyi kaeni, mtaenda wapi na njaa?"

Wakatuketisha katikati ya wakwe, na kijana aliposhika kisu mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Mzee wa uchochoro, inua mikono tuione!" Nikaiinua, nikaishikilia juu mpaka nyama ikakatwa na vigelegele vikapigwa. Kisha tukapakuliwa mukimo wa viazi na mahindi pamoja na mbavu, sahani ikiisha inajazwa, na Deo akalegeza mshipi, "si mbaya" yake ameisahau.

Tulipotoka Deo alinishika bega. "Shemeji," akasema, "kwingine wangekutimua kwa mwiko. Hawa wamekupakulia. Nimefuta neno langu."

Nimesoma chuo kikuu na nimewahi kupigiwa makofi ukumbini, ila sijawahi kuutembea mtaa wangu nimeinua kifua kama jioni ile, shati likiwa na mafuta ya mbuzi wa watu.

Siku hizi sigusi kisu kabla sijauliza ni sherehe ya nani. Na kila nikichelewa kurudi, mke wangu hunifungulia mlango kwa upole na kuuliza, "Mke mwenzangu hajambo?"