Waliokuja Kumwombea Talal

Shoga yangu Bi Mwatima alizaliwa Unguja, akaletwa Ibra, huku Omani, bado msichana. Kiarabu anakijua vizuri, ila akigombana hugombana kwa Kiswahili, maana anasema ndicho kinachouma.

Ugomvi wake wa mwaka huu ni na Talal, jirani wa ukuta kwa ukuta. Talal aliumwagia mlango wake petroli akautia moto. Kabla ya hapo alijirekodi kwenye simu akisema Wazinjibari, yaani watu wa Unguja, warudi kwao, akairusha rekodi kwenye kundi la mtaa. Polisi hawakupata tabu. Mdomo uliponza kichwa.

Wakili akaeleza kuwa kuchoma mlango tu kulikuwa na kifungo chake. Lakini sheria imekazwa: kosa likifanywa kwa kuchukia asili ya mtu, kifungo huzidishwa sana. Pengine hakimu angepunguza kidogo, mwenye mlango akisamehe.

Basi baba yake Talal, Mzee Khalaf, akaja na wazee wenzake kuomba msamaha huo. Thabit, mwana wa Bi Mwatima, akawamiminia kahawa. Nami nilikuwepo, na hasira zangu. Kila mgeni akapokea kikombe chake, akakiweka chini, asikiguse.

Bi Mwatima akavitazama vikombe. Akasimama.

"Mwanao kanitukana kwenye simu," akamwambia Mzee Khalaf, safari hii kwa Kiarabu ili amwelewe, "nawe umekuja kunitukana nyumbani mwangu. Kahawa yangu ina najisi?"

Thabit akamshika mkono. "La, mama. Ndiyo ada yao. Mgeni mwenye haja hanywi mpaka akubaliwe haja yake. Hujui?"

"Nitajuaje?" akasema Bi Mwatima. "Tangu nihamie hapa, nani kaja kwangu na haja?"

Mimi nilitaka kulia, nikajikohoza.

Mzee Khalaf akakichukua kikombe chake, akanywa yote. Wenzake wakamkodolea macho, kwani msamaha ulikuwa bado haujatolewa.

"Na Talal je?" mmoja akamwuliza.

"Talal namwachia hakimu." Akamnyooshea Thabit kikombe. "Niongezee, mwanangu. Nimekuja kwa jirani yangu. Nimechelewa."

"Umechelewa sana," akasema Bi Mwatima, akamsogezea sahani ya halua.