Mgeni Aliyetaka Kuonja Singidani

Mimi sina kipaji cha kutunga. Wanaonifahamu pale kwenye mashine ya kukamua alizeti watakwambia kwamba hata nikitumwa salamu nazifikisha kama zilivyotoka, bila kuongeza neno. Basi na haya yapokee hivyo hivyo. Yalinipata mimi mwenyewe, kando ya ziwa Singidani, wala usifikiri ni usiku. Jua lilikuwa bado kali na watu wanapita barabarani na baiskeli zao.

Mke wangu, Mama Neema, alikuwa na ugonjwa wa moyo. Akapata nafasi ya kwenda kutibiwa India, katika mji unaoitwa Chennai, pamoja na wagonjwa wengine na nesi wa kuwaangalia. Mimi nilibaki na binti yetu. Walipofika huko walipimwa, wakaambiwa wasubiri zamu ya upasuaji, na katika kusubiri huko wenyeji wakaona ni vizuri wawatembeze mjini siku moja, wasishinde kitandani wakiogopa. Usiku wa kuamkia siku hiyo akanirekodia sauti kwenye simu. Ninayo mpaka leo. Anasema, "Baba Neema, kesho tunatembezwa mji mzima. Nikirudi nimeshakuwa mtalii, usinishangae. Nataka niione bahari." Halafu anacheka, anakohoa, imekwisha.

Hakuwahi kuiona bahari. Sisi ni watu wa Mtinko, tulihamia Singida mjini kufuata kazi. Hata Dar es Salaam alipita gizani tu, kutoka stendi moja kwa moja hadi uwanja wa ndege.

Sikupata sauti nyingine. Nesi alinipigia akasema mgonjwa ameingia upasuaji, kisha akapiga tena, na mara ya pili nilijua kabla hajasema. Mwili uliletwa. Tukamzika Mtinko.

Nesi alikuja msibani. Nilikuwa na swali moja tu la kumwuliza: je, ile siku ya kutembezwa aliipata? Aliiona hiyo bahari? Lakini niambie, mwanamume amekaa kwenye mkeka, wazee wamemzunguka, mkewe yuko ardhini, ataanzaje kuuliza habari za kutalii? Niliona aibu. Nesi akaaga, swali likabaki na mimi. Nikawa nalala nalo na kuamka nalo. Unaweza kudhani ni swali dogo. Kwangu lilikuwa kubwa kuliko kifo chenyewe, kwa sababu kifo nilikwisha kukijua.

Kwenye begi alilorudisha nesi mlikuwa na nguo, Biblia, na kikamba kilichofungwa vitu vidogo vikavu, vyeusi, vimesokotwa vizuri. Mama mkwe alipokiona alikiangusha.

"Choma hicho," aliniambia. "Mwanangu hakuondoka na hirizi hapa."

Sikukichoma. Nilikifunga kwenye kanga yake nikakiweka kabatini. Kama ni hirizi, nilisema, basi ameiacha na ameshakwenda.

Sasa siku yenyewe. Nilitoka kazini nikapita ziwani, kama nilivyozoea tangu msiba, kwa sababu nyumbani ukiingia mapema unasikia ukimya. Pale kando ya barabara huuza Mama Shaibu, jirani yangu, mahindi ya kuchoma, maana watu huja kupiga picha na yale mawe makubwa yaliyopandana na kuwaangalia heroe, wale ndege warefu wenye rangi ya waridi. Nilimsalimia nikashuka ufukweni.

Mzee mmoja wa Kihindi alikuwa amesimama karibu na maji. Shati jeupe, kofia ya kitambaa, na mkononi fimbo yenye kibendera chekundu. Nilidhani ni mtu wa familia za wenye maduka mjini, labda amepata wageni.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye Baba Neema," akasema. Hakuwa anauliza. "Nimeambiwa huna maneno mengi, lakini utanitembeza."

Ungefanya nini? Mimi nilifikiri kuna mtu wa dukani amemwelekeza kwangu. Kiswahili chake kilikuwa cha huku kwetu kabisa, na hilo halikunishtua, kwa sababu wengi wao wamezaliwa hapa. Nikamwambia karibu.

"Mimi pia kazi yangu ni kutembeza wageni," akasema. "Basi tufanye hivi. Wewe nionyeshe kitu kimoja cha kwenu, na mimi nikuonyeshe kimoja cha kwetu."

Nikamwonyesha mawe. Nikamwambia yamekaa hivyo juu ya mengine tangu babu zetu, na kila mgeni huuliza kwa nini hayaanguki, na hakuna anayejua. Akatikisa kichwa kwa furaha, akanyoosha kibendera kuelekea upande ule ule. "Sasa chukulia pale ndipo mnara wa taa wa mji wetu. Wageni hupanda juu kabisa wakaona mji wote na ufukwe, mrefu hadi macho yachoke. Yeye moyo haukumruhusu kupanda. Alibaki chini na mimi, tukala dengu za kuchemsha zenye nazi na embe bichi. Akasema, dengu tunalima kwetu, lakini nazi mmeitia ya nini?"

Niamini, hapo nilisimama. Mtu aliyeuliza hivyo ninamfahamu. Aliuliza hivyo hivyo kila alipoalikwa kula kwa jirani wa pwani.

"Nani alibaki chini?" nikauliza.

"Zamu yako," akasema. "Nionyeshe kingine."

Nikamwonyesha heroe. Na hapo ndipo nilipoona jambo la kwanza. Heroe ukiwasogelea huondoka, wote kwa pamoja, kama kitambaa kinachovutwa. Waliniondokea mimi. Yeye alipita katikati yao, na mmoja aliinamisha shingo akaendelea kutafuta chakula mbele ya viatu vyake. Nikatazama chini. Kando ya maji yetu kuna ukoko mweupe wa magadi, ukikanyaga unavunjika. Nyuma yangu ulikuwa umevunjika. Nyuma yake ulikuwa mzima.

Kwa nini sikukimbia? Watu wote huniuliza. Sikukimbia kwa sababu ilikuwa zamu yake kuonyesha.

Akanionyesha hekalu lenye mnara uliojaa sanamu za rangi, watu wanavua viatu mlangoni. Mama Neema alisema yeye ni Mlutheri, ataangalia kwa nje. Pale nje akapita ng'ombe aliyepakwa rangi pembe, moja bluu, moja njano, na mke wangu akamwambia ng'ombe yule, "Wewe ungekuja kwetu na mapambo hayo ungeolewa na watu wawili." Akanionyesha kanisa lililojengwa juu ya kaburi la Mtume Tomaso, yule aliyetaka kugusa kwanza ndipo aamini. Humo aliingia, akapiga magoti.

"Aliomba nini?"

"Baba Neema, mtembezaji hasikilizi maombi ya wageni wake." Kisha akauliza, "Kile kikamba cha maua kilifika?"

"Maua gani?"

"Jasmini. Wanawake wa kwetu huvaa kwenye nywele. Sokoni nilimnunulia kila mwanamke aliyekuwa kwenye gari letu. Wenzake walivaa pale pale. Yeye alikitia mfukoni, akasema, nitakivaa nikifika, Baba Neema anione."

Nilikaa chini kwenye mchanga. Hakunishika wala hakunihimiza, alisubiri tu, kama mtu aliyezoea kusubiri wageni wachovu. Halafu nikamwuliza lile swali langu.

"Bahari aliiona?"

Mzee akacheka kicheko cha kweli, mpaka akaegemea fimbo.

"Aliiona? Alivua viatu akaishika mkononi hiyo bahari! Mawimbi yalimtisha, akarudi nyuma akipiga kelele, akaenda tena. Akachota, akaonja. Akageuka akaniuliza kwa hasira, nani kaileta Singidani huku?"

Hebu fikiri. Mtu wa kwingine akionja ziwa la chumvi husema ni kama bahari. Sisi watoto wa hapa tumekua tunaonja Singidani kwanza. Bahari nzima ya Hindi, kwake, ilikuwa imeiga.

"Nilimwambia hakuna ziwa la namna hiyo," mzee akaendelea. "Chumvi ni ya bahari. Tulibishana njia nzima hadi hospitali. Wagonjwa wenzake walicheka, nesi anatafsiri mpaka amechoka. Mwisho akaniambia, njoo uonje mwenyewe, mume wangu atakutembeza. Nami nikaahidi."

Akainama, akachota maji kwa kiganja. Maji hayakutikisika. Akaonja, akafumba macho.

"Nimeshindwa," akasema taratibu. "Mama Neema alisema kweli. Sasa nisindikize, niende."

Kwetu mgeni haachwi mlangoni. Unamsindikiza, na njiani ndipo mnasema yale mliyoshindwa kusema ndani. Wala hugeuki kwa kutaka kwako. Mgeni ndiye anayesema, "Inatosha, rudi." Ukigeuka kabla ni kama umemfukuza.

Tukatembea. Nikamwuliza la mwisho, ambalo hata mimi sikujua kwamba ninalo.

"Alipokwenda, alikuwa peke yake?"

"Nilimsindikiza mimi."

"Mpaka wapi?"

"Aliniambia kistaarabu kabisa, mzee, inatosha, rudi nyumbani. Nikamwambia, mama, safari hii na mimi naenda huko huko. Tukaendelea pamoja. Alikuwa bado ananibishia kuhusu ziwa."

Kisha akasimama. "Inatosha, Baba Neema. Rudi."

Nilimsikia vizuri. Nataka ujue kwamba nilimsikia. Lakini huyu mtu alikuwa anarudi aliko mke wangu, na mimi nilikuwa narudi kwenye nyumba yenye ukimya. Kibendera kikasogea mbele, nami nikakifuata. Njia ilikuwa laini na haikunichosha. Nilisikia harufu ya maua na nikaona kama kuna gari linangoja, na watu ndani yake wamejisogeza kuacha nafasi.

"Baba Neema! We Baba Neema! Unaenda kuoga na viatu?"

Ilikuwa sauti ya Mama Shaibu. Nikageuka. Barabara ilikuwa mbali kuliko nilivyodhani, naye alikuwa anashuka mbio, kipepeo cha jiko mkononi.

"Tangu saa ile unaongea na kuchekacheka peke yako, unanyoosha vidole kama mwenye watalii! Nikasema huyu kapata mchumba kwenye simu. Kumbe unakwenda majini! Neema atakula nini leo, niambie? Nani atamsikiliza akisoma?"

Nikatazama chini. Maji yalikuwa yamenifika magotini. Mbele hapakuwa na mtu, ni ziwa tu na ndege.

Nilitoka. Mama Shaibu alinikalisha karibu na jiko lake, akanipa hindi, na kwa mara ya kwanza tangu nijulishwe kifo kile nililia mbele ya mtu. Hakuuliza. Alisema tu, "Lia, baba, lia. Hindi lisipoe."

Jioni ile nilimpigia nesi. Nikamwuliza kama Mama Neema alionja maji ya bahari.

"Nani kakwambia? Wengine walikuwa wamekaa kwenye gari. Pale majini tulikuwa mimi, yeye na yule mzee aliyetutembeza."

"Mzee huyo yuko wapi?"

"Alifariki, kaka. Moyo wake nao. Asubuhi ile ile aliyofariki Mama Neema. Niliona nisikwambie, ungefanyia nini habari ya mtu usiyemjua?"

Nikampa mama mkwe habari za jasmini. Alikifungua kikamba kwenye kanga, akakinusa, akakaa nacho mapajani hadi chakula kikaiva. Sasa kiko kwake.

Mimi, kuanzia magoti kwenda chini, miguu yangu ni baridi mpaka leo. Daktari amenipima hakuona kitu. Mwezi wa kumi, jua la Singida linapasua mawe, mimi niko na soksi nzito na wenzangu kazini wananicheka. Wala siichukii baridi hiyo. Nikiisikia usiku ninajua aliiona bahari, ninajua alikwenda akibishana, na ninalala.

Lakini wewe unayesoma, sikia. Ukipata mgeni kando ya maji akakuomba umtembeze, mtembeze kwa moyo wote. Mwulize unayotaka. Msindikize. Ila akikwambia inatosha, rudi, geuka hapo hapo, hata kama mbele yuko umpendaye kuliko wote. Mgeni wa namna ile husema mara moja tu. Kilichobaki ni bahati ya kuwa na jirani mwenye sauti kubwa, na si kila mtu anaye.