Tulitaka Kupanda, Tukapigania Kubaki

Msimu ule tulianza tukijiita mabingwa kabla hata ya kugusa mpira. Msimu uliotangulia tulikosa kupanda Ligi Kuu ya wanawake kwa bao moja tu, na mji mzima wa Morogoro ulikuwa umeshatuahidi kwamba safari hii hakuna wa kutuzuia. Nikipita sokoni Mwembesongo, akina mama wa mchicha walikuwa wananiita nahodha, na mimi nilikuwa naitika.

Hatukuwa wachezaji wa kulipwa hasa. Klabu ilitupa jezi, usafiri wa mechi za ugenini na chakula cha siku ya mechi, na zaidi ya hapo kila mtu alikula kwa jasho la kazi yake. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Mwembesongo, na uwanjani nilikuwa beki wa kati. Kipa wetu alifundisha chekechea. Winga wa kulia alikaanga chipsi karibu na stendi, akija mazoezini nywele zake zinanukia mafuta. Straika wetu, yule ambaye mashabiki walikuja kumtazama yeye halafu ndipo wakatutazama sisi wengine, alilima mboga Bigwa pamoja na mumewe, pale mlima unapoanzia. Alikuwa mfupi, kichwa hajui kupiga, lakini mguu wake wa kushoto ulikuwa na akili zake wenyewe.

Miezi mingi kabla ya ligi, wakati tunajiandaa, alikuja kibandani kwangu na bukta yake ya mazoezi mkononi.

"Dada, inanibana," akasema.

"Lete niipime. Nikupunguzie wapi?"

"Usipunguze. Ongeza."

Nikamtazama usoni. Alikuwa anacheka na kutaka kulia kwa wakati mmoja. Nikaacha cherehani, nikamkumbatia, halafu nikaketi chini, maana nilishaanza kuhesabu miezi kichwani na hesabu ilinikatalia. Mtoto angezaliwa wiki ile ile ligi inapoanza.

Ndivyo ilivyokuwa. Alijifungua salama, mtoto wa kiume mwenye sauti kubwa, na siku tatu baadaye tukafungwa mechi ya kwanza ugenini. Ya pili tukatoka sare. Ya tatu tukafungwa nyumbani mbele ya watu wetu. Kocha, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuweza kusimamisha lori barabarani, alijaribu kila mtu pale mbele. Alimweka mwanafunzi mmoja wa chuo, binti mwenye kasi ya ajabu, lakini binti yule alikuwa akiona beki anamjia anafumba macho. Alinijaribu hata mimi. Nilipata nafasi moja ya wazi, nikaukalia mpira. Sisemi kwa mfano, niliteleza nikaukalia.

Kisha mvua za masika zikatushukia kutoka Uluguru. Kuna mechi moja siwezi kuisahau. Winga wetu aliwapita mabeki wote, akampita na kipa, akausukuma mpira kuelekea goli tupu, na sisi tukaanza kushangilia. Mpira ukafika kwenye dimbwi, hatua chache kutoka mstarini, ukasimama. Ukaelea pale kama bata. Beki wao akaja taratibu akaupiga ukatoka nje. Dakika mbili baadaye wakatufunga. Siku ile nilirudi nyumbani nimelowa na sikuwasha hata taa.

Tulipobakiwa na mechi moja, habari ya kupanda ilikuwa imeshasahaulika zamani. Tulikuwa tunaning'inia ukingoni mwa kushuka daraja. Ili tubaki, ilikuwa lazima tushinde mechi ya mwisho, na wapinzani walikuwa vinara wa ligi, ambao nao walihitaji sare tu ili wapande.

Mwenyekiti wetu, mzee mstaafu wa kiwandani ambaye hakukosa mechi hata akiwa na homa, akaitisha kikao. Wachezaji, viongozi na mashabiki, wote. Tulipewa darasa la shule ya msingi, tukakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mwenyekiti akasema tuseme ukweli bila kuoneana haya: msimu huu umetushinda wapi?

Watu wakasema. Mmoja akalaumu uwanja, mwingine akalaumu waamuzi. Halafu akasimama shabiki mmoja aliyevaa koti zito siku ya jua, mtu wa kusikilizwa sana katika tawi letu.

"Tusizungukezunguke," akasema. "Msimu umeharibiwa na mimba. Mchezaji anajua timu inamtegemea, anakwenda kuzaa. Hilo ndilo tatizo letu."

Vichwa vikageukia nyuma. Straika mwenyewe alikuwa amekaa dawati la nyuma, mtoto mgongoni. Daktari alikuwa ameshamruhusu kucheza, na kwa wiki kadhaa alikuwa anafanya mazoezi mepesi nasi, ila hakuna aliyethubutu kusema wazi kwamba atacheza. Niliona kichwa chake kikiinama. Nilikuwa nainuka nimjibu yule bwana, lakini kuna mtu aliyewahi kabla yangu.

Alikuwa mama mkwe wa straika. Alikuwa ameteremka kutoka juu mlimani tangu mtoto azaliwe, na sisi sote tulimwogopa. Tulijua kwamba siku ya harusi alisema mbele ya watu kuwa mpira sasa basi. Aliinuka polepole, akafunga vizuri kanga yake. Sisi wachezaji tukamwamkia kwa pamoja kama wanafunzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu." Alikuwa na lafudhi ile ya Waluguru wa milimani, sauti ikipanda na kushuka kama njia za kwao. "Mimi mpira siujui. Nilimwambia huyu mkwe wangu auache, na bado simwelewi anafuata nini huko. Lakini kwetu mtoto akizaliwa watu wanaleta uji. Wanaleta kuni. Nyie nimewasubiri pale Bigwa tangu mtoto huyu ana siku moja. Hawa mabinti wamekuja, kila wiki wamekuja, wamefua hata nepi. Wewe baba mwenye koti, uliniletea nini?"

Yule bwana akatazama mifuko ya koti lake.

"Basi kaa," mama akamwambia, bila ukali. Naye akakaa.

Sijui ni nani aliyeanza kucheka, nadhani ni kipa, lakini cheko lilienea darasa zima mpaka kwa mwenyekiti, aliyekuwa akijifuta macho. Kocha ndiye aliyetumia nafasi ile.

"Mama, samahani," akasema. "Tukimchezesha Jumamosi, mtoto atakaa na nani?"

"Kwani mimi nimekuja mjini kufanya nini? Atakaa na mimi. Ila akilia njaa, huo mpira wenu utasimama."

"Utasimama, mama. Wakati wa mapumziko."

Baada ya hapo kikao kikawa kikao. Kocha akatugeukia sisi wachezaji, akasema sauti yake ikiwa ya chini kuliko kawaida kwamba hatukufungwa kwa sababu ya mtu asiyekuwepo. Tulifungwa kwa sababu tuliokuwepo tulicheza huku tunatazama nje. Kipa akasema aliacha kutupanga mabeki kwa sauti tangu mechi ya tatu, kwa kuwa kila akituita tulimjibu vibaya. Yule binti wa chuo akasema, akitazama dawati, "Mimi naogopa kuumia, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini." Tukamuuliza. Aliwahi kuvunjika mguu akiwa sekondari, akakaa nyumbani mwaka mzima. Msimu wote tulikuwa tunampigia kelele aende, aende, na hatukujua. Tulitoka pale jua linaanza kupungua, tukaenda moja kwa moja mazoezini, na kipa akatupigia kelele hadi koo likakauka, nasi tukamwitikia, "Sawa, mwalimu!"

Jumamosi mbingu zilikuwa safi, milima imesimama wazi hadi misitu ya juu kabisa. Vinara walikuja na mabasi mawili, ngoma, matarumbeta, na fulana mpya zilizoandikwa kifuani TUMEPANDA. Walikuwa wamezivaa tayari. Nadhani fulana zile zilitusaidia kuliko hotuba yoyote.

Hata hivyo walijua mpira. Mapema tu walipata kona, mtu wao akaruka juu yangu kama ananipanda ngazi, akatia kichwa, bao. Matarumbeta yakapasua masikio. Tukakimbia, tukakabana, lakini tulienda mapumziko tuko nyuma.

Chumba chetu cha kubadilishia nguo kilikuwa stoo yenye mabenchi mawili. Mama mkwe alikuwa ametangulia humo na mtoto. Straika, ambaye hakuwa ameanza mechi, alikaa kwenye kona akamnyonyesha. Kocha aliingia na moto wake wote, akanyoosha kidole, akavuta pumzi ya kutulipukia. Mama mkwe akainua mkono.

"Taratibu. Ndiyo anasinzia."

Basi kocha wetu, mwanamke wa kusimamisha malori, akatoa maelezo yote ya kipindi cha pili kwa kunong'ona. Tulimsogelea tukamzunguka, vichwa vimegusana, ili tusipitwe na neno. Akanong'ona kwamba beki wao wa kushoto amechoka. Akanong'ona kwa binti wa chuo, "Wewe ukiumia, mimi mwenyewe nitakubeba. Lakini hutaumia. Fungua macho tu." Akamnong'oneza straika, "Unaingia." Sijawahi kumsikiliza kocha katika mapumziko ya mechi yoyote kama siku ile. Mtoto akalala. Tukatoka kwa kunyata, viatu vyetu vya mpira vinagonga sakafu tik, tik, na tulipofika nje tukaanza kukimbia.

Straika alipoonekana mstarini, uwanja ulitoa mlio ambao sikuwa nimeusikia msimu mzima. Mabeki wawili wa kwao wakamfuata papo hapo, na huko walikotoka kukabaki wazi. Winga wetu wa chipsi akamtoka yule beki aliyechoka, akapiga krosi ya chini. Niliona kutoka nyuma kabisa: binti wa chuo anakuja, beki naye anakuja na mguu mbele, na nikajisemea, atafumba. Hakufumba. Aliutanguliza mguu wake, wakagongana, wote wawili wakaanguka, mpira ukapita chini ya kipa. Bao! Alilala pale pale nyasini, nikadhani ameumia. Nilipofika nikamkuta anacheka, macho yamemtoka. "Nimeliona, dada!" akasema. "Nimeliona likiingia!"

Sare ilikuwa yao, si yetu. Wakarudi nyuma wote, wakaanza kupoteza muda, kila aliyeguswa akalala. Mashabiki wao wakaanza tena kuimba. Mpira ukanijia katikati ya uwanja, kipa akaniita kutoka nyuma, "Mbele! Mrefu!" nikaupiga kwa nguvu nilizobakiza. Straika akaupokea akiwa ameligeuzia goli mgongo, beki kamlalia mabegani. Akauweka kifuani, akauacha udunde mara moja, akageuka. Ule mguu wa kushoto. Mpira ukagonga mtambaa panya, ukaruka juu, ukashuka, na yeye, mtu asiyejua kupiga kichwa, mtu tuliyemtania miaka yote, akajirusha akaupiga kwa paji la uso. Ukaingia pamoja na yeye mwenyewe. Tulimkuta ndani ya nyavu, amejisokota humo kama samaki, analia, nasi tukaingia wote tukamlalia.

Dakika zilizobaki zilikuwa ndefu kuliko msimu. Walikuja wote, hata kipa wao. Niliuzuia mpira kwa bega, kwa tumbo, mara moja kwa sikio. Kipa wetu akaokoa shuti la mwisho kwa ncha za vidole, na wakati wanajipanga kupiga kona, refa akapuliza.

Ninavyokumbuka, nilipiga magoti nikaegemeza uso kwenye nyasi. Nilipoinua kichwa nilimwona mama mkwe katikati ya uwanja, mjukuu yuko macho mikononi mwake, anamwuliza refa kwa nini alichelewa hivyo kumaliza na hali mtoto anapigwa na jua. Refa alikuwa anamwamkia. Mwenyekiti alikuwa amevua viatu, sijui kwa nini, anazunguka uwanja peku. Yule bwana wa koti alikuja kwa straika, akasimama mbele yake. Straika akampa mkono, na bwana yule akaushika kwa mikono yake miwili.

Tulimaliza ligi nafasi ya tatu kutoka chini. Ukiisoma hivyo ni aibu kwa timu iliyotaka Ligi Kuu, na katika kikao kingine cha baadaye tulikubaliana hivyo, kwamba msimu ulikuwa mbaya na sababu zake ni zetu. Lakini jioni ile hakuna aliyetaka kuisoma. Tulitoka uwanjani kwa miguu, na jezi zetu zenye jasho, kushuka mjini. Bodaboda zikajipanga nyuma yetu zinapiga honi, watoto wakaingia msafara. Tulipofika Mwembesongo watu walitoka madukani. Mama mmoja wa mchicha aliacha meza yake akanikimbilia.

"Nahodha! Mmechukua kombe?"

"Hapana, mama!"

"Mmepanda?"

"Hapana! Tumebaki!"

Akageuka akawapigia kelele wenzake, mikono yote miwili juu, "Wamebakiii!" na soko zima likalipuka kwa vigelegele.