Jeneza Lililosubiri Itifaki

Swali ninaloulizwa kuliko yote, iwe sokoni Mkuyuni au nikiwa kwenye foleni ya maji na ndoo yangu, ni hili: "Mama diwani, meya tunampigia kura lini?"

Huwa nasimama, naweka mzigo chini, naeleza taratibu, kwa sababu anayeuliza ana haki ya kujua. Meya wa jiji hapigiwi kura na wananchi. Ninyi mnachagua diwani wa kata. Madiwani tukishapatikana, pamoja na akina mama wa viti maalumu, vyama vinaleta majina, tunaketi ukumbini na kumchagua mmoja wetu. Basi. Jiji zima, pamoja na mawe yake na masoko yake, linapata meya kwa kura za watu wanaoenea kwenye basi dogo moja, kosta.

Wengi hucheka wakisikia. Mzee mmoja muuza kamba aliwahi kuniambia, "Kumbe mnachaguana kama kwaya inavyochagua mwenyekiti."

"Ndivyo, baba," nikamjibu. "Ila kwaya angalau inajua kuimba."

Jibu hilo lina nusu ya pili ambayo watu hawaulizi, na ndiyo iliyonifanya niandike. Wapigakura wakiwa wachache hivyo, kampeni haifanyiki jukwaani. Hakuna mabango wala magari ya matangazo. Mgombea anatafuta mahali madiwani wanapokusanyika, anakwenda huko. Na katika zile wiki baada ya uchaguzi mkuu, kabla baraza halijaketi kwa mara ya kwanza, madiwani hukusanyika wapi? Msibani. Kata ya mwenzetu ikifiwa, tunamfuata kumpa pole. Ni desturi nzuri na ninaipenda. Lakini mgombea umeya anayejua kazi yake hupata habari za kifo kabla ya mchungaji.

Mnivumilie nikieleza kwa ukali. Nimejaribu kuandika habari hii nikiwa nimetulia, nimeshindwa mara kadhaa. Nimeona bora niiandike na hasira yake.

Mlimani kwetu, kati ya mawe, alipanga dada mmoja fundi cherehani. Nusu ya watoto wa shule ya chini ya mlima wamevaa sare alizozishona yeye, na mimi mwenyewe magauni yangu mawili ya vikao ni kazi ya mkono wake. Aliugua muda mrefu. Mama yake akaja kumuuguza kutoka kwao Mara, kijiji cha kando ya ziwa, akamwacha mume wake nyumbani kwa sababu mzee yule miguu haimbebi tena. Novemba, mvua zilipoanza, dada yetu akafariki.

Familia ilipanga vizuri. Ibada na kuagana vingefanyika asubuhi kwenye uwanja wa shule, maana jeneza haliwezi kupandishwa hadi nyumbani kwake, mawe hayaruhusu. Saa nne msafara ungeondoka, upite Kisesa, upite Magu, ufike kijijini mchana, azikwe jioni ile ile. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Kwao hawaachi kaburi lililochimbwa lilale wazi usiku kucha, na baba wa marehemu alikuwa amesema kwa simu neno moja tu: mleteni jua likiwepo.

Jioni ya kuamkia siku hiyo lilikuja lori limejaa maturubai mapya na viti. Nani angekataa kivuli siku ya msiba? Mama wa marehemu alishukuru kwa mikono miwili. Dereva akasema ni zawadi ya mheshimiwa mmoja, diwani wa kata nyingine, mfanyabiashara, na hakuna aliyehitaji kuuliza zaidi. Mheshimiwa huyo alikuwa anautaka umeya. Pamoja na maturubai alituletea spika, jenereta, na mtu wa kuongoza ratiba.

Asubuhi nilipofika nilikuta viti vya mbele vimevishwa vitambaa vyeupe kama vya harusini. Hivyo vilikuwa vya madiwani. Mkeka wa wafiwa, ambao kwa kawaida hutandikwa karibu na jeneza, ulikuwa umesogezwa nyuma ya nguzo ili meza kuu ipate nafasi.

"Shikamoo, mama," nikamsalimu mama wa marehemu.

"Marahaba, mwanangu. Wametuambia tukae huku."

Niliurudisha mkeka mbele mimi mwenyewe, pamoja na akina mama wa mtaa. Kijana wa spika akanitazama kama nimehamisha madhabahu.

Mchungaji alimaliza ibada kwa wakati. Mdogo wake marehemu akasoma wasifu, mfupi na mzuri. Tukapita kuaga. Bado kidogo saa nne ifike, nikaanza kumtafuta dereva wa gari la kubeba mwili, ndipo yule mwongoza ratiba akashika kipaza sauti: "Ndugu waombolezaji, tunaomba utulivu. Tunamsubiri mgeni wetu rasmi."

Mama wa marehemu akanivuta kanga. "Mwanangu, msibani kuna mgeni rasmi? Mgeni si huyu aliyelala hapa?"

Tukasubiri. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Mvua ndogo ikanyesha, ikakatika, uwanja ukaanza kutoa mvuke. Madiwani wenzangu walikuwa wakiongezeka kwenye viti vyeupe, na nikaelewa kilichokuwa kikisubiriwa. Mgeni alikuwa mahali fulani ndani ya gari lake, anasubiri viti vijae.

Vilipojaa, akaja. Mwongoza ratiba akamkaribisha: "Mstahiki Meya mtarajiwa!" Baadhi yetu tulipiga makofi. Narudia, ili mnielewe: watu wazima walipiga makofi mbele ya jeneza.

Hapa lazima nieleze kidogo habari ya itifaki, kwa msomaji ambaye hajaketi sana kwenye shughuli zetu. Mtu akisimama kuzungumza hutambua kwanza waliopo, kwa vyeo vyao, kuanzia juu. Ni adabu, haina ubaya. Msemaji mwenye huruma husema "itifaki imezingatiwa" akaendelea na lililomleta. Huyu hakusema hivyo. Alimtaja diwani mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akampa maelezo yake. Huyu ni mpiganaji. Huyu ni jembe. Huyu ni dada yangu, tumetoka naye mbali. Huyu barabara ya kata yake inaniumiza roho, na tukijaliwa, ndugu zangu, tukijaliwa...

Diwani mwenzangu niliyekaa naye, mwanamume mcheshi ambaye hata kwenye vikao vya bajeti hukosi kucheka ukikaa naye, akaniinamia sikioni. "Akifika viti maalumu tutaomba magodoro."

"Nyamaza," nikamwambia. "Mwenye msiba anakuona."

"Mwenye msiba mwenyewe hajatajwa."

Na kweli. Alitaja vyeo vyote hadi wenyeviti wa mitaa, akamtaja aliyeleta jenereta, yaani yeye mwenyewe. Mama aliyefiwa, aliyekaa mkekani hatua chache kutoka miguuni pake, hakumtaja. Alipomkumbuka marehemu alimwita "mama yetu mpendwa aliyetulea," akawapa pole wajukuu aliowaacha. Fundi wetu hakuwa na mtoto, sembuse mjukuu. Alikuwa amefikisha miaka thelathini kwa shida.

Mama hakulia. Alitazama juu, kwenye upenyo kati ya maturubai mawili, akalitafuta jua. Kisha akanitazama.

"Mama diwani, tutamkuta baba yake anakaa na shimo."

Hivyo tu. Mimi nimesikia watu wakinililia juu ya maji, juu ya mitaro, juu ya vibanda vilivyovunjwa, na mara nyingi kitu cha kuwajibu nimekikosa. Safari hii nilikuwa nacho. Nikainuka, nikazunguka nyuma ya meza kuu hadi walipokaa vijana wa kanisa waliopangwa kubeba, nikawaambia kwa sauti ya kawaida: "Inueni."

Wakanitazama. "Mheshimiwa bado anaongea, mama."

"Namsikia. Inueni."

Wakainua. Na hapo, ninyi mnaojua misiba yetu mtakuwa mmeshaelewa. Jeneza likiinuka hakuna anayebaki kwenye kiti. Kofia zinavuliwa. Akina mama wa kwaya hawasubiri kuambiwa, na walianza kuimba kabla mabega ya vijana hayajanyooka. Viti vyeupe vyote vikawa vitupu. Madiwani, wale wapigakura wote waliokusanywa kwa shida tangu asubuhi, waligeuka wakalifuata jeneza, na migongo yao ndiyo aliyobaki nayo mheshimiwa. Aliendelea kidogo. Alikuwa ameanza kueleza mpango wa taa za barabarani. Halafu akanyamaza, kipaza sauti kikiwa bado mkononi.

Saa nane ilikuwa imepita gari lilipoingia barabara kuu kuelekea Kisesa.

Mnaweza kudhani hasira yangu iliishia pale. Ndipo ilipoanza.

Kabla sijafika nyumbani simu ililia. Ni yeye. "Mheshimiwa, umeniaibisha mbele ya wapigakura wangu."

"Wapigakura?" nikamuuliza. "Mimi niliona waombolezaji."

Akakata. Afadhali yeye, kwa sababu angalau alisema kilichokuwa moyoni mwake. Mbaya zaidi ilikuwa simu ya pili. Alinipigia mshindani wake, mtu mpole, mwalimu mstaafu, ambaye siku zote nilimheshimu. Alikuwa anacheka. "Mama, leo umenifanyia kazi kubwa. Umemmaliza. Sitakusahau."

Nilimweleza, kwa uvumilivu wote niliokuwa nao, kwamba sikumfanyia yeye kitu. Nikamweleza habari za kaburi, za mzee anayesubiri, za jua. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Naelewa, naelewa. Tutazungumza vizuri mambo yakikaa sawa." Alidhani nataka anipe uenyekiti wa kamati.

Ofisini kwa chama nako nikaitwa. Swali lilikuwa moja, liliulizwa kwa upole na likarudiwa kwa ukali: "Umetumwa na nani?" Nikajibu nimetumwa na mama mfiwa. Wakatazamana wakatabasamu, kama vile nimetoa jibu la kijanja. Hata yule mwenzangu mcheshi alinishika mkono koridoni akaninong'oneza, "Dada, niambie mimi. Uko upande gani?" Hakuna hata mmoja, narudia, hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama wafiwa walifika jua likiwepo.

Ndivyo kampeni ile inavyotufanya. Inachukua kila kitu, chakula cha wagonjwa, harusi ya mtoto, kilio cha mtu, inakigeuza kuwa hesabu ya nani yuko na nani. Ukifanya jambo la kawaida, jambo ambalo jirani yeyote angelifanya, unaulizwa bei yake. Jibu la nani alishinda umeya hamtalipata hapa. Marehemu hakugombea.

Walifika. Mama alinieleza mwenyewe aliporudi kuchukua cherehani ya binti yake. Tulikaa kwenye kizingiti cha chumba kile, cherehani kati yetu, imefungwa kwa shuka.

"Jua lilikuwa limebaki kidogo tu juu ya ziwa," alisema. "Baba yake wakambeba na kiti chake hadi pale. Akaweka mkono juu ya sanduku. Wakafukia kungali na mwanga."

"Tumshukuru Mungu, mama."

"Tumshukuru." Akalikaza fundo la shuka. "Ila nyimbo hatukuimba. Kwaya ya kwetu ilikuwa imejifunza nyimbo za kumpokea, tangu asubuhi wamekaa na sare zao. Mchungaji akasema hakuna muda. Tulimfukia kama watu wanaokimbia mvua."

Hilo ndilo sitalisamehe. Maturubai yalirudishwa kwa mwenyewe siku ile ile, viti navyo. Nyimbo zile hakuna lori la kuzirudisha.

Sitaki niwaache na hasira tupu, kwa sababu watu wa mlimani kwetu hawakubaki nayo tupu. Kwenye mkutano wa mtaa, mama mmoja muuza dagaa alisimama akapendekeza kwamba kuanzia sasa msibani kwetu kipaza sauti atashika kiongozi wa dini na mtu wa familia, basi. Wanasiasa watatoa pole kama watu wengine, na wataketi watakapopata.

"Na wewe mama diwani usijitoe," akaongeza, na mkutano mzima ukaniangukia kwa kicheko. Nilinyoosha mkono nikaunga mkono hoja. Sijawahi kuunga mkono hoja kwa furaha kiasi kile.

Msiba uliofuata nilikwenda mapema, nikaketi na wenzangu jikoni kumenya ndizi. Haikuchukua muda gari likasimama chini, akashuka mheshimiwa mmoja, simtaji, na kijana wake akapanda mawe hadi kwetu huku akihema, akauliza nani anaongoza ratiba ili bosi wake aingizwe kwenye wazungumzaji. Muuza dagaa hata hakuinua kichwa.

"Mwambie karibu sana," alisema, akimsogezea sinia. "Visu viko pale, ndizi ndizo hizi."