Sindano Kwenye Mfuko wa Taka

Siku ile, katika chumba cha sindano cha zahanati moja mjini Iringa, tulikuwa watatu: muuguzi wa zamu, mama mmoja mtu mzima aliyekuja kuchomwa sindano, na mimi mfanya usafi. Wadogo zangu wawili walikuwa shuleni, lakini nawahesabu pia, kwa sababu tangu wazazi wetu wafariki wanakula kwa mikono yangu.

Na mikono ndiyo iliyoniponza. Nilipoacha shule nilikwenda Mafinga, kwenye kiwanda cha mbao, kujaza maranda kwenye magunia. Gunia likijaa, unalishindilia kwa kiganja. Siku hiyo mfuko wa taka ulipojaa nikaushindilia vilevile. Kitu kikapenya glavu, kikanichoma kidole.

Muuguzi akachungulia. "Sindano ya huyu mama. Nimeichanganya na pamba badala ya kuitia kwenye boksi lake. Nisamehe, dada."

Mafinga, kibanzi kikikuchoma unakamua damu. Nikaanza kukamua.

"We, acha! Unakamua chunusi?" Akanivuta hadi bombani. "Sabuni, na maji yatiririke. Usisugue."

"Mbona kibanzi tunakamua?"

"Kukamua hakutoi virusi. Unaumiza nyama tu."

"Na spiriti?"

"Hata spiriti usipake. Osha, kisha tuandike taarifa, upimwe."

Hofu yangu hutoka kama maswali. Nikauliza hadi akacheka. Akaniambia kuna dawa za kuzuia Ukimwi: zinaanzwa mapema, ndani ya saa chache ikiwezekana, zisipite siku tatu, na unazimeza siku ishirini na nane. Swali moja tu sikulitoa: nikiugua, wadogo zangu watabaki na nani?

Muuguzi alimuuliza yule mama faraghani kama angeridhia kupimwa. Mama akaja mwenyewe hadi nilipokaa.

"Mwanangu, mimi nameza dawa mwaka wa sita. Hata wanangu hawajui. Watanipima homa ya ini pia, lakini wewe usingoje. Anza leo."

Nikasema asante.

"Asante yako iweke. Ukimaliza vipimo vyote, uje uniambie majibu wewe mwenyewe. Nami nataka kulala usingizi."

Nilianza saa ileile. Dawa zilinitia kichefuchefu, wadogo zangu wakanitania kwamba nimepata mimba. Nilirudi kupimwa kila nilipopangiwa. Kipimo cha mwisho kilitoka salama.

Siku hizi mfuko ukijaa naushika shingoni, naufunga. Yule mama sijamwona tena. Jina lake sikulisikia, na faili lake si la kufunguliwa na mfanya usafi, wala sitaki lifunguliwe kwa ajili yangu. Basi kila siku ya kliniki napiga deki polepole karibu na benchi, nikitazama nyuso. Majibu aliyoniomba bado ninayo mimi.