Mchi wa pili wa Débora, na pambano ambalo halikupigwa

Jua halijapanda vizuri juu ya mabati ya soko la Mudzipela, mjini Bunia, na mchi wa Débora Mbambu umekwisha kuanza kazi. Unapanda, unashuka, tu! Halafu kunakuwa kimya kidogo, kama mtu aliyeshika pumzi. Halafu tena, tu!

Mgeni akisikiliza atadhani mama huyu amechoka. Wenyeji wanajua si hivyo. Débora anatwanga kama watu wawili wanavyotwanga, ila mmoja wao hayupo.

Anaokota majani ya muhogo, yaani sombe, yaliyoruka, anayarudisha kinuni, anafuta shingo kwa ncha ya kitenge. Nyuma yake, ndani ya ndoo ya maji, umesimama mchi wa pili. Hauguswi na mtu. Kila asubuhi anabadilisha maji yake ili mti usipasuke.

"Muchi ya Gentille," anamwambia mwandishi wa habari hii bila kugeuka. "Ikikauka itapasuka. Akirudi ataniuliza."

Débora ana miaka arobaini na mitano. Ni mwembamba, ila mabega yake ni ya mtu mwingine, kama yameazimwa kwa mbeba mizigo. Wateja wake humwita Mama Radi. Vijana wengi hawajui jina hilo lilitoka wapi, lakini hawakai naye muda mrefu bila kuambiwa, maana jirani zake hawajui kunyamaza.

"Weka vile," anaanza Dominique, mwendesha pikipiki wa mtaa wa Mbunya ambaye kila asubuhi hupitia hapa kuchukua sombe ya mke wake. "Radi na Nyuki wetu Gentille, wote wawili wako na miaka vingt-deux, ishirini na mbili. Wameshiba. Hakuna vita, hakuna mutoto mugongoni. Kengele ya ndondi inalia. Raundi ya tano, Nyuki anaingia chini, pa, pa, mbavuni. Radi anaanguka."

"Nani anaanguka?" Annie, mwuza mawese wa meza ya jirani, anainua kikombe chake cha kupimia kama anataka kumpiga nacho. "Radi ya Mudzipela aanguke mbele ya mutu wa Mbunya? Dominique, weye ulilala wapi jana?"

"Nililala kwangu, mama. Ni ukweli ndiyo inakuuma."

"Radi alikuwa na mukono wa kushoto ulioangusha Fataki wa Marabo, mwanamuke munene kama mulango wa kanisa! Nyuki wako angeona nyota muchana."

Débora anaendelea kutwanga. Pambano hili amelisikia mara nyingi kuliko mahubiri. Siku nyingine linamalizika raundi ya tatu, siku nyingine mwamuzi anaiba. Wakimwuliza yeye, anajibu kwa mchi.

Gentille, anayeitwa Nyuki, ni mtu kweli, si hadithi ya soko. Mama yake, aliyekuwa akitoka Mbunya, na mama wa Débora waliuza sombe mahali hapa hapa. Mabinti wao walipewa kinu kimoja wakiwa bado wanavaa nguo za shule ya msingi, na michi miwili. Aliyetwanga kwa zamu hakuambiwa mengi. Aliambiwa tu asitazame mchi wa mwenzake.

"Ukiangalia, unapotea," anaeleza Débora. "Macho iko polepole. Unasikia mwenzako anapanda, weye unashuka. Ukikosa, munagongana, na mama anakupiga na muiko."

Walipofikia umri wa miaka kumi na saba, marehemu Mwalimu Zacharie, aliyefundisha vijana ndondi nyuma ya shule, alisimama sokoni kununua sombe, akasahau kulipa. Alikuwa anatazama mabega. Jioni hiyo aliwaita uwanjani. Ndani ya miaka mitano hapakuwa na msichana wa Bunia, wala wa machimbo ya dhahabu, aliyesimama mbele ya mmoja wao mpaka kengele ya mwisho. Walibaki wawili tu ambao hawajapigwa. Mji ukaanza kuuliza swali ambalo Dominique na Annie wanaliuliza hadi leo.

Pambano lilitangazwa kwa Jumapili moja ya mwaka 2003. Kabla ya Jumapili ile kufika, vita viliingia mjini. Watu walikimbia kila mmoja na njia yake. Débora na mama yake walilala msituni. Familia ya Gentille iliteremka Kasenyi, kando ya ziwa, ikapanda mtumbwi, pirogi, ikavuka kwenda Uganda. Walipoteana bila kuagana.

Débora alirudi akakuta meza zimechomwa. Kinu kilikuwa kimelala ubavu, kizima, na michi yote miwili chini yake. Aliolewa na Mumbere, fundi wa mbao, wakazaa watoto watatu. Kuna siku Mumbere aliutazama mchi wa pili, akaona ni mti mgumu wa kufaa mpini wa jembe.

"Alichukua musumeno," anasema Débora, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Nikamuambia, Baba, kata. Lakini ukishamaliza kukata, usikae karibu na mukono wangu wa kushoto."

Mumbere alirudisha msumeno mahali pake.

Kazi yenyewe haimnenepeshi mtu. Chini kidogo ya soko kuna mashine inayosaga beseni la majani kabla Débora hajamaliza kuosha kinu, tena kwa nusu ya bei. Siku nzuri anarudi nyumbani na faranga elfu kumi na tano. Siku ya mvua anarudi na majani. Wanaobaki kwake ni wale wanaosema sombe ya mashine haina meno, inateleza tu mdomoni.

Annie amemshauri mara nyingi atafute mwanamke wa kutwanga naye. Wawili wangemaliza upesi. Débora hukataa. Amewahi kuwajaribu wawili au watatu kwa mchi mwingine wa kuazima, na kila mara waligongana.

Mwaka jana mwuza samaki wa Kasenyi alileta namba ya simu ya ng'ambo, akisema ni ya Gentille. Débora aliipiga akiwa amejificha nyuma ya choo cha soko, kwa sababu hakutaka watu wamwone. Sauti iliyojibu ilikuwa nzito, ya mama mtu mzima. Débora alitaka kukata. Kisha sauti ikasema, "Débo, ni weye? Bado unapumua kwa mudomo?"

Tangu siku ile hutumiana sauti kwa simu. Gentille analima mahindi katika kambi ya wakimbizi, ni mjane, ana wajukuu. Huongea juu ya mvua na magoti. Juu ya ndondi hawakuwahi kusema hata neno, mpaka wiki tatu zilizopita.

Débora anatoa simu kwenye mkoba, anaipangusa majani, anaiweka karibu na sikio la mwandishi. Sauti ya Gentille ni fupi:

"Débo, Mwalimu aliniambiaka kitu mbele ya ile Jumapili. Najua weye pia alikuambia. Sasa siye wazee, niambie ukweli. Ile siku ingefika, ungenipiga?"

Swali hilo Débora hajalijibu. Sauti nyingine haijaja tangu hapo. Kila asubuhi anafungua simu, anaifunga.

"Nikisema hapana, atasema ninamudanganya. Nikisema ndiyo..." Anashika mchi. "Nilimupata mwaka jana tu. Sitaki kumupoteza mara ya pili kwa sababu ya neno moja."

Dominique, ambaye amesikia yote kwa sababu hakuna siri kati ya meza mbili za soko, anavua kofia yake ya pikipiki.

"Mama Radi, siye tumechoka kubishana. Leo tutajua. Mimi ni Gentille." Na kabla mtu hajamzuia, ameuchomoa mchi wa pili ndani ya ndoo. Maji yanamchirizikia kwenye viatu.

Annie anaweka kikombe chini.

Débora anamtazama Dominique, anatazama mchi ulioko mikononi mwake. Kisha anasogea hatua moja, anamwachia nafasi.

"Sawa. Lakini usiangalie muchi yangu. Angalia watu."

"Mimi niangalie watu? Watu ndio wataniangalia mimi!"

Débora anashusha. Dominique anashusha. Wanaenda vizuri mara mbili, na watu wanaanza kupiga makofi, na Dominique, aliyeambiwa asiangalie, anaangalia. Michi inagongana katikati ya hewa kwa mlio mkavu. Majani yanaruka, yananata kwenye jaketi lake, mengine kwenye ndevu.

"Nyuki wa Mbunya amekufa raundi ya kwanza!" anapiga kelele Annie. "Leteni jeneza! Leteni na muke wake!"

Kila mtu anacheka. Dominique mwenyewe anacheka, akitema sombe. Débora hacheki. Amekwisha kumnyang'anya mchi, anaupapasa kwa kidole gumba pale ulipogongwa, kama mama anayetafuta uvimbe kwenye kichwa cha mtoto.

"Hii ndiyo muko munasahau," anasema, polepole. "Siye tulikuwaka tumepigana mara moja."

Ni kweli, na wazee wa soko wanakumbuka, ingawa Dominique na Annie hawapendi kuihesabu. Wiki chache kabla ya vita, Mwalimu Zacharie aliwapandisha ulingoni wacheze raundi tatu tu, kuwaonjesha watu. Uwanja ulijaa. Kengele ikalia. Gentille alirusha ngumi, Débora akawa hayupo pale. Débora akarusha, Gentille akawa hayupo. Mmoja akipanda, mwingine anashuka. Raundi tatu zikaisha bila glavu kugusa ngozi.

Watu walikasirika. Walipiga miluzi, walitupa maganda ya mahindi. "Munatwanga sombe!" walilia. "Rudisheni pesa yetu!"

"Hatukufanya kwa kusudi," anasema Débora. "Mukono inajua kitu kimoja. Ilifundishwa miaka yote isigongane na ya Gentille. Unataka nifanye nini?"

Usiku ule Mwalimu Zacharie alimwita pembeni, akamwambia pambano la Jumapili haliwezi kuwa hivyo. Mmoja lazima avunje mwendo. "Gentille akipanda, usingoje. Piga pale pale." Débora alikubali kwa kichwa. Hakujua kwamba Mwalimu alikwenda pia Mbunya kusema maneno yale yale. Alilijua hilo wiki tatu zilizopita, kwa sauti ya Gentille.

"Kumbe wote wawili tulilala na ile neno," anasema. "Kila mutu kwake."

"Sasa ungepiga?" anauliza Dominique. Safari hii hatanii.

Débora anaurudisha mchi wa pili ndani ya ndoo, taratibu, upande uliogongwa ukiwa ndani ya maji. Kisha anachukua simu, anaiegemeza kwenye ukingo wa beseni, karibu na kinu, anabonyeza alama ya kurekodi.

"Munyamaze wote," anaamuru. "Annie, hata weye."

Anashika mchi wake. Unapanda, unashuka, tu! Kimya. Tu! Kimya. Haongezi mwendo, hapunguzi. Kati ya pigo na pigo mikono yake inangoja hewani kwa muda ule ule ambao mchi mwingine ungehitaji kushuka na kupanda. Mteja mmoja anafungua mdomo kuuliza bei, Dominique anamshika mkono.

Anatwanga hivyo mpaka majani yanalainika. Halafu anabonyeza simu, anaituma bila kusema neno.

"Ataelewa kwamba unamungoja?" ananong'ona Annie.

"Kama hataelewa, basi si Gentille."

Dominique anajifuta ndevu.

Jibu halijafika wakati jua linapanda juu ya mabati na wateja wanaanza kupanga mstari. Débora hachunguzi simu. Anasema ameamua jambo. Mahindi ya ng'ambo yakivunwa, Gentille aliwahi kusema atajaribu kuvuka ziwa kuja kuona kaburi la mama yake. Débora hatamngojea sokoni. Atateremka Kasenyi mwenyewe, na Dominique ameshakubali kumbeba kwa pikipiki, ili Radi akampokee Nyuki.

"Mchi ule nao utaufunga wapi?" anauliza Dominique. "Ni murefu kuliko pikipiki."

"Nitaushika."

"Na kinu?"

Débora anainua majani mapya, anayatupa ndani. "Kinu itabaki hapa. Akitoka ndani ya pirogi, nitamupa muchi yake mukononi kabla ya salamu. Akiniuliza kinu iko wapi, nitamuambia iko Mudzipela, twende."

Anashusha mchi, tu! Mikono inabaki juu, inangoja.