Kizingiti cha Meli

Juzi nilipanda boti ya Mafia pale Nyamisati. Abiria wawili mbele yangu walijikwaa kwenye kizingiti cha mlango. Mimi mguu uliinuka wenyewe, na papo hapo nikanusa mafuta ya papa.

Ndiyo mafuta baba aliyoupaka mlango wa meli nilipokuwa mdogo, alasiri alipouleta kwetu Mtawanya kwa lori. Meli ya abiria aliyoitumikia tangu ujanani ilikuwa imeuzwa ikakatwe vyuma. Yeye akanunua mlango mmoja wa sitaha, pamoja na kizingiti chake cha chuma kilichonifika magotini, akaufunga mbele ya nyumba yetu.

"Bibi yao atajikwaa," mama alisema. "Kikate."

"Mama Zuhura, hapa wamepita mahujaji, askari wa vita na maharusi wa Bombay," baba akajibu huku akiusugua ubao. "Wote waliinua mguu."

Bibi hakungoja wamalize. Alikusanya kanga yake, akatanguliza mguu wa kulia kama anayeingia msikitini, akavuka. Sote tukamfuata.

Mimi nikajua hiyo ndiyo adabu ya kuingia nyumba yoyote. Kesho yake niliingia kwa mwalimu wetu, mtu wa Bukoba, nimeinua goti hadi kifuani, na mlango wake hauna kizingiti. Alimwuliza mama kama mguu unaniuma.

Sasa najua kile chuma kilikuwa cha kuzuia maji tu. Meli yenyewe ilishageuka nondo na misumari. Kwetu Mtawanya, mpaka leo, hakuna anayeingia bila kuinua mguu.